Naomba ushauri: bei ya kilo moja tuikadirie wakati gani?

Walimu wenzangu wa Bukavu, naomba ushauri juu ya hesabu za bei ya kimoja, darasa la sita.

Chukueni hii: kilo 7 za maharage pale sokoni Kadutu ni franka 16 500, kilo 45 ni ngapi? Kugawanya kwenyewe kunaenda. Wapo wanaogeuza, 7 ÷ 16 500, lakini hao wakiandika kwanza "franka kwa kilo" wanajua kinachogawanywa ni franka.

Shida ni kukadiria. 16 500 ÷ 7 = 2 357,142… Mtoto anaona hakuna noti za kulipa hivyo, anaandika 2 400, anazidisha kwa 45, anapata 108 000. Jibu ni 106 071. Zile franka 43 alizoongeza kwenye kilo moja zimejirudia mara 45, karibu 1 930 zimezidi. Dawa ninayotumia ni 16 500 × 45 kwanza, halafu ÷ 7, kukadiria mwisho kabisa. Ila wakishaizoea, bei ya kilo moja hawaitafuti tena, nayo ndiyo somo!

Tena ile kanuni ya "kuanzia 5 panda", chini ya 5 shuka, inawaponza. Mifuko 130 kwa gari la mifuko 40 ni 3,25: wanaandika safari 3, mifuko 10 inabaki chini.

Nyinyi mnaanza na kanuni, au na kinachoulizwa? Na kalkuleta ya simu, inayoweka nukta mahali pa mkato wetu, mnairuhusu?