Tupeane uzoefu: mnaoitwa Ambilikile na wazazi mliolichagua jina hili

Mzazi wa Uyole

Ndugu wanajamvi, poleni na majukumu. Mimi na mwenzangu tunatarajia mtoto wa kiume, na wazee wetu wa Rungwe wamependekeza aitwe Ambilikile. Kwa wasiofahamu Kinyakyusa, jina hili lina maana ya "ameniita", na anayeita ni Mungu ingawa hatajwi. Ni sentensi kamili iliyofanywa jina: kuna mtenda, kuna mimi ninayeitwa, na kuna -ile ya mwisho inayoonyesha kwamba jambo limekwisha kutendeka. Majina mengine ya muundo huo ni Ambwene, yaani "ameniona", na Atupele, yaani "ametupa". Wamisionari wa Moravian na wale Walutheri wa Berlin walipofika Unyakyusa mwaka 1891, ubatizo ulikuja na akina Yohana na Petro, lakini waumini walijipatia pia majina ya ushuhuda kwa lugha yao wenyewe, na Ambilikile ni la ukoo huo.

Mwenzangu analiona zuri lakini zito, na anadai kwamba hajapata kumwona mtoto wa siku hizi mwenye jina hilo. Ninaomba wenye nalo, au waliompa mtoto, waeleze walilipataje, watu walilipokeaje, na kama limewasaidia au limewasumbua. Majina mengine tuyataje pale tu yanapolieleza hili.

Mkazi wa Mafinga

Mimi ndiye mwenye jina. Nilipewa na babu mzaa baba, ambaye alikuwa mwinjilisti, na kwa miaka yote ya utoto wangu kilichonipata ni kuulizwa maana yake tu. Mambo yalibadilika mwaka 2011 nikiwa shule ya sekondari ya bweni. Mnakumbuka kwamba mchungaji mstaafu wa KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, na magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kutoka kila pembe ya nchi na hata nchi jirani. Jina langu likawa linasomwa redioni asubuhi na jioni. Wiki moja haikupita nikawa Babu kwa wanafunzi wenzangu, na mpishi wa shule, kila aliponiona kwenye foleni ya uji, aliniambia nipite mbele kwa kuwa siku hiyo kikombe nitagawa mimi. Hadi leo wapo niliosoma nao wanaonitambulisha kwa wake zao kama Babu bila kueleza zaidi.

Kuhusu umaarufu nina maoni yangu. Pamoja na kelele zote zile, sijakutana na mtoto hata mmoja aliyepewa jina hili kwa sababu ya Loliondo. Watu walishika neno Babu, na hata magazeti yaliandika jina la pili la mchungaji kwa namna tofauti, mengine Mwasapile na mengine Masapila. Alipofariki Julai 2021 lilisikika tena kwa siku chache, kisha likarudi kimya kwetu tunaolibeba. Jina linaweza kujulikana nchi nzima na bado likabaki adimu.

Mama wa Kihesa

Naomba niandike kwa kirefu kidogo, maana kwetu jina hili lilitaka kuvunja kikao cha familia.

Mimi ni Mhehe wa Iringa na mume wangu ni wa Busokelo. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, baba mkwe alituma ujumbe kwamba aitwe Ambilikile. Mama yangu mzazi alipouliza maana akaambiwa ni "ameniita", alinyamaza, kisha akasema kwa upole lakini bila mzaha kwamba mjukuu wake hatapewa jina la msiba. Nanyi mnajua anachokisema. Kwa Kiswahili chetu, tukitangaza kwamba mzee fulani ameitwa na Bwana, watu huanza kutafuta nauli ya kwenda kuzika. Mama aliona tunamwandikia mtoto tangazo la kifo angali ananyonya, na kila nilipojaribu kumweleza kwamba Wanyakyusa hawalisikii hivyo, alinijibu kwamba mtoto ataishi Iringa na ataitwa na watu wa Iringa.

Mambo yalikaa hivyo hadi baba mkwe alipopanda basi mwenyewe akaja. Hakubishana naye. Baada ya chakula aliomba Biblia, akasoma habari za kijana Samweli katika Samweli wa Kwanza, sura ya tatu, anavyoitwa usiku akidhani anaitwa na Eli, akaeleza kwamba jina linasimulia wito wa namna hiyo, wa mtu anayeamshwa ili atumwe. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na huyu wa kwenu, akiitwa, ataitika?" Baba mkwe alicheka sana, akamwambia kwamba hilo nalo lina jina lake, kwa sababu kwao kuitika na kuamini ni kitenzi kimoja, na imani huitwa Lwitiko. Hapo hapo mama alitoa sharti lake: akubali Ambilikile sasa, na akizaliwa wa pili wa kiume aitwe Lwitiko, ili wa kwanza asibaki ameitwa tu bila mtu wa kuitika. Ndivyo ilivyokuwa, na wote wawili leo wako shule ya msingi.

Ndugu wa Uyole, kama upande mmoja wa familia yenu si Wanyakyusa, elezeni maana mapema na kwa utulivu, kabla jina halijafika kwa njia ya simu.

Mwalimu wa Tukuyu

Nimefundisha shule za Rungwe kwa muda mrefu, na ninachokiona katika madaftari ya mahudhurio kinamuunga mkono mwenzako. Wavulana wa sasa ni akina Lusajo, Gwakisa, Ipyana, Lugano. Akina Ambilikile ninakutana nao zaidi siku ya kikao cha wazazi, na aghalabu ni mababu waliokuja kwa niaba ya baba aliye Dar es Salaam.

Nadhani sababu iko katika umbo la jina lenyewe. Chukueni kitenzi cha kubariki, ambacho shina lake ni -saja. Wazee walitoa humo Asajile, "amebariki", Tusajigwe, "tumebarikiwa", na Nsajigwa, "mbarikiwa", ambalo mashabiki wa soka wanalikumbuka kupitia Shadrack Nsajigwa, aliyekuwa beki wa Yanga na nahodha wa Taifa Stars. Wazazi wa leo wakitaka wazo hilo hilo huchagua Lusajo, yaani "baraka", kwa kuwa ni fupi, halina mtenda wala mtendwa, na mtu wa Mwanza au Tanga hulitamka mara ya kwanza bila kukwama. Kwa hiyo Asajile limepungua lakini shina lake linaishi. Kitenzi cha kuita hakikubahatika hivyo, kwa sababu hakikuzaa jina fupi lililozoeleka ambalo wazazi wangehamia, na anayelitaka wazo la wito hana budi kulibeba zima zima na silabi zake tano.

Mzazi wa Uyole

Ndaga fijo, yaani asante sana, Mwalimu. Shikamoo, Mama wa Kihesa, habari ya Lwitiko nimemsomea mwenzangu kwa sauti. Je, ni la kiume pekee?

Mwalimu wa Tukuyu

Kisarufi hakuna kinacholifanya liwe la kiume. Ni mazoea tu kwamba Ambilikile na Ambwene huenda zaidi kwa wavulana, na Atuganile, "ametupenda", kwa wasichana.

Kijana wa Mbalizi

Mimi nitazungumzia karatasi tu. Cheti changu cha kuzaliwa kinasoma Ambilikile, cheti cha kidato cha nne kinasoma Ambirikile, na ofisi moja niliyoomba kazi iliniandika Ambikile. Nililazimika kwenda kwa wakili kula kiapo kwamba watu hao watatu ni mimi mmoja. Mkifika kumwandikisha mtoto, liandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi yenu, mkabidhi karatasi badala ya kulitamka, na msiondoke dirishani kabla ya kusoma kilichoandikwa. Herufi l ndizo zinazoponza.

Mzee wa Kyela

Wanangu, nimefurahi kuwasoma. Jina hili halikuishia kwetu, kwani ukivuka mto Songwe kuingia Karonga, Malawi, Wangonde wanalielewa bila mkalimani, kwa kuwa lugha yetu na yao ni moja.

Nami ni Ambilikile, na mjukuu wangu wa kwanza amerithi. Hapa kuna jambo ambalo hamjaligusa. Kwa desturi yetu mkamwana halitaji jina la baba mkwe wake, na wanawake wa zamani waliepuka hata maneno ya kawaida yanayofanana nalo. Siku hizi wengi wameacha, lakini mkamwana wangu alilelewa na bibi yake na hathubutu. Yeye humwita mtoto Tata, yaani "baba", na mimi ninaitika pamoja na mtoto kila akiita, jambo linalowachekesha watu wa nyumbani. Siku moja alimpeleka hospitali akiwa na homa, muuguzi akamwuliza mgonjwa anaitwa nani, naye akafungua mkoba, akampa kadi ya kliniki, akamwomba asome mwenyewe. Kwa hiyo, mwanangu wa Uyole, kama Ambilikile mnayemrithi ni baba yako mzazi, muulize kwanza mama wa mtoto atamwitaje.