Nyota za Mbeya msimu huu wa mawingu: kamera niiwekeje?

Kijana_Uyole
Wakuu, naomba msaada. Kamera ni ya APS-C (sensa ndogo, yaani kile kipande kinachonasa mwanga), lenzi ile ya kawaida ya mm 18-55 f/3.5, stendi ipo. Napiga nikiwa Uyole, sekunde 25, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 3200. Mawingu yanatoka kama uji wa rangi ya chungwa, na nyota chache zinazochungulia zimevutika. Nisubiri Juni, mvua ziishe, au kuna namna?

LenziMbeya
Usisubiri, mkuu. Kinachokuangusha ni hizo sekunde 25. Fuata kanuni ya 500: kwa sensa yako zidisha 18 (mm za lenzi) kwa 1.5, upate 27, kisha gawanya 500 kwa 27: ni sekunde 18 na nusu, na huo ni ukomo wa nyota tu. Wingu linakimbia kuliko nyota. Upepo ukiwepo shuka hadi sekunde 8, ISO 6400. Chembechembe (vidoadoa kwenye picha) zitaongezeka, lakini wingu litabaki na kingo zake.

Uchungwa ni taa za mji zinazopiga tumbo la wingu. Piga RAW (faili ghafi), weka joto la rangi 3800 K, na uupe mji mgongo. Panda hadi Isyonje, njia ya Tukuyu, uelekeze kamera kusini, utaona tofauti. Ila kwenye giza kamili wingu linatoka jeusi tii, kama doa. Mwezi wa robo ukiwa nyuma yako unalipaka weupe bila kuzima nyota zote. Kwa anga la mawingu mimi nautaka kabisa.

Zima pia kile kipunguza chembechembe cha picha za sekunde nyingi kwenye menyu. Kila picha ya sekunde 15 inakula 15 nyingine za kusubiri, na tundu la anga limeshafunga.

Kona57
Naongezea fokasi, maana ndiyo inayopotea kwanza. Weka ya mkono, kuza picha kwenye skrini mara 10, zungusha pete ya lenzi taratibu mpaka Shira au Suheli, zile nyota mbili ng'avu, iwe nukta ndogo kabisa, halafu bana pete kwa selotepu. Februari jioni zote mbili ziko juu. Zikifunikwa, tumia taa ya mnara wa simu ulio mbali, kilomita moja na zaidi.

Kisha acha kamera ijipigie mfululizo, picha 100 hata 200, uchague kwa macho. Usiziunganishe ili kupata michirizi ya nyota: programu inachukua kilicho ng'avu zaidi, na wingu lenye mwanga wa mji litafuta kila kitu.

Na Juni si dawa ya kila mahali. Mufindi miezi ya baridi ni ukungu mtupu.

Mama_Picha
Jamani, umande! Wingu linahifadhi joto la ardhi. Likifunguka, lenzi inapoa haraka, na hewa ya baada ya mvua imejaa unyevu. Kwa hiyo kioo kinaingia ukungu dakika ileile uliyokuwa ukiingoja. Usifute kwa kitambaa. Ukungu utarudi palepale na fokasi utakuwa umeisogeza. Funga mkanda wa joto wa USB karibu na kioo cha mbele, usiguse pete ya fokasi, na uuwashe kabla umande haujaanza. Pawabenki ya mAh 10,000 inasukuma mkanda wa wati 5 saa kama sita.

Ukirudi ndani, kamera ibaki kwenye begi lililofungwa mpaka ipate joto la chumba. Toa kadi na betri ukiwa bado nje, usije ukashawishika kulifungua.