Tupeane uzoefu: nyumba yako ya kwanza ya kupangisha uliipataje, na hesabu ulipigaje?

Tofali_Moja: Wakuu, jana nimetumiwa tena tangazo: "nyumba ina wapangaji tayari, fursa adimu, wahi." Nikacheka peke yangu, maana ndivyo nilivyoingizwa mjini nilipoanza. Waliowahi kununua nyumba ya kupangisha, mwageni hapa: mliipata wapi, mlipiga hesabu gani, mlipigwa wapi. Yangu nitaweka baadaye, bado inauma.

Mpangaji_Sugu: Naweka kambi hapa.

Hesabu_Kwanza: Mimi nilikaririshwa ile kanuni ya asilimia 1, kwamba kodi ya mwezi isipungue asilimia 1 ya bei ya nyumba. Nikaipata. Bei ichukulieni ni 100, kodi 1 kwa mwezi, 12 kwa mwaka. Nikajiona nimeokota dhahabu. Sasa tuzitoe moja moja. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja, unabaki na 11. Matengenezo, kodi ya jengo, bima na msimamizi vikapita na karibu nusu. Mkononi ikabaki 6. Na mimi nilikopa 80 kwa riba ya asilimia 8 kwa miaka 20, marejesho yake kwa mwaka ni kama 8. Sita toa nane. Kila mwaka naiongezea nyumba 2 kutoka kwenye mshahara wangu, halafu watu wananiita mwenye nyumba.

Kifaru_Mpole: Kosa si la kanuni, ni la mkopo wako. Nyumba hiyohiyo ungekopa kwa asilimia 4 ungelipa kama 5.8 kwa mwaka, ukabaki na chenji.

Hesabu_Kwanza: Chenji ya 0.2 mkuu. Bomba moja likipasuka imekwisha.

Kifaru_Mpole: Ndiyo maana nasema kanuni ni chujio, si uamuzi. Unachuja nayo matangazo mia usipoteze siku, halafu unakaa chini na zilizobaki. Wewe ulinunua chujio ukadhani ni chai.

Mama_Vyumba: Msigombane, wote mmesahau kitu. Hiyo nusu ya gharama pia ni ya kukisia tu. Nyumba ya zamani yenye paa bovu inakula zaidi, mpya inakula kidogo kwa miaka ya mwanzo ili ikudanganye. Mimi nadai risiti za matengenezo za miaka miwili. Muuzaji akisema zimepotea, bei nayo ipotee kidogo.

Jongoo_wa_Barabarani: Mimi yangu sikuiona kwenye tangazo lolote. Nilichagua mitaa mitatu nikaitembea kwa miguu mwaka mzima hadi mbwa wakaacha kunibwekea. Nikawa najua kila nyumba imeuzwa kwa kiasi gani, si ilitangazwa kwa kiasi gani. Fundi mmoja wa mabomba ndiye aliyenidokeza kuna mzee anataka kuuza. Kuuliza bei za matangazo ni kupima kina cha mto kwa kutazama kivuli chako.

Dalali_Mstaafu: Madalali si wezi jamani. Nyumba nzuri inauzwa kwa simu tatu kabla haijatangazwa, na hizo simu anapigiwa mteja asiyesumbua. Mpe dalali maneno kamili: vyumba vingapi, mtaa gani, mwisho wako ngapi. Ukimwambia "nitafutie kitu kizuri" atakutafutia kilichomshinda.

Mpangaji_Sugu: Kumbe mnajijua.

Msumari_wa_Bati: Uzi huu umenitonesha. Nilinunua nyumba ya vyumba sita, kila chumba na mlango wake. Muuzaji alinipa karatasi ya kodi za miezi 12, vyumba vyote vimejaa. Bei ilikuwa chini kidogo ya majirani, eti anasafiri. Nilienda Jumamosi asubuhi: nguo kwenye kamba, redio inaimba, viatu kila mlango. Mama mmoja akanikaribisha kwa jina langu. Hapo ndipo ningeshtuka, amelijuaje? Nikalipa.

Mwisho wa mwezi wa kwanza naenda kukusanya kodi, vyumba vinne viko wazi. Kimoja kina godoro chini na ndoo mpya, kibandiko cha bei hakijabanduliwa hata. Wale watu walipangwa kwa ajili yangu. Chumba cha tano yumo mdogo wake muuzaji, hajawahi kulipa kodi maishani mwake. Cha sita kuna mzee mpangaji wa kweli, ana daftari la risiti, analipa chini ya nusu ya kilichoandikwa kwenye karatasi yangu.

Mama_Vyumba: Mungu wangu. Ikawaje?

Kifaru_Mpole: Chai hii. Mama akujue kwa jina?

Msumari_wa_Bati: Wewe na chai zako. Nimekaa na deni mwaka na miezi miwili, nakuja kukutungia hadithi hapa ili nipate nini?

Naendelea. Mzee akanieleza kwa nini watu walihama: mvua ikinyesha choo kinarudisha maji hadi ukumbini. Mimi nilienda siku ya jua. Nikachimba shimo jipya la maji taka, ndipo vyumba vikaanza kujaa kimoja kimoja. Yule mzee yupo hadi leo na kodi sijampandishia.

Jongoo_wa_Barabarani: Pole sana mkuu. Nyumba iendewe siku ya mvua, na usiku.

Mama_Vyumba: Na kila mpangaji asaini karatasi yake mwenyewe kabla hujalipa: analipa ngapi, mkataba unaisha lini, ameweka amana kiasi gani na nani anaishika. Amana wengi wanaisahau, halafu mpangaji akihama anakudai wewe mnunuzi.

Dalali_Mstaafu: Ukiwadai wapangaji karatasi zote hizo muuzaji atamuuzia mwingine.

Msumari_wa_Bati: Amuuzie. Laiti angemuuzia mwingine.

Kifaru_Mpole: Nimekosa kaka. Niulize tu, yule mama alilijuaje jina?

Msumari_wa_Bati: Muuzaji alimwandikia kwenye kiganja. Mzee aliona.

Mpangaji_Sugu: 😂😂 Ile kitu ni sinema. Na kwa anayenunua akarabati auze, kuna hesabu?

Hesabu_Kwanza: Wengi wanachukua asilimia 70 ya bei itakayouzwa ikishakarabatiwa, wanatoa gharama za ukarabati. Itauzwa 100, ukarabati 20, usiinunue kwa zaidi ya 50. Na ile 20 ya fundi ihesabu kama 30.

Mama_Vyumba: Tofali_Moja, uzi ni wako na yako hatujaisikia.

Tofali_Moja: Baada ya hiyo ya Msumari naona aibu. Mimi sikupanda darini tu.

Mpangaji_Sugu: Kulikuwa na nini?

Tofali_Moja: Mbao hazikuwepo. Mchwa walikuwa wameshikana mikono.