Tanga: Tumelipa 247,150 ya "kula utakavyo", mama yangu akanyweshwa supu ya kitimoto (nguruwe)

Wakuu, habari za jioni.

Tangu Jumamosi silali vizuri, bora niseme. Kuna mgahawa umefunguliwa huku kwetu Tanga, pande za Raskazone. Jina siliandiki. Tangazo lao lilizunguka sana WhatsApp: hotipoti ya Kimongolia, kula utakavyo, mtu mzima 35,000, mtoto nusu bei. Basi. Hakuna mstari mwingine chini yake. Ninalo kwenye simu, nimelisoma mpaka nimelikariri.

Kwa asiyejua, si ile hotipoti ya kuwekea ubwabwa. Hii ni sufuria ya supu inayochemka katikati ya meza juu ya jiko dogo la gesi. Mnaletewa nyama mbichi iliyokatwa nyembamba kama karatasi, mboga, uyoga, tambi, kila mtu anatumbukiza chake, kikiiva anakula. Mimi naijua. Nafuata mzigo Guangzhou, na pale Xiaobei kuna migahawa ya Waislamu wa Kichina, Waafrika wengi tunakula hapo. Supu yao nyepesi, haina mambo mengi: tangawizi, majani ya vitunguu, zile tende nyekundu za kwao, na pembeni kibakuli cha rojo la ufuta. Kondoo akigusa supu inayotokota, sekunde chache tu nyama imegeuka rangi, unatoa. Wamongolia ni wafugaji, kondoo ndiye chakula chao, kwa hiyo mtu akitangaza ya Kimongolia mimi naelewa kondoo. Nikamwambia mama, leo utakula kile nilichokuwa nakusimulia.

Mama ana miaka 71. Kutoka nje kwenda kula si mazoea yake, chakula kwake ni cha jikoni kwake. Siku hiyo alivaa baibui lake la Idi. Tulikuwa sita: mimi, mke wangu, mama, shemeji yangu na watoto wangu wawili.

Kabla hatujakaa nilimuuliza dada aliyetupokea, supu yenu ya nini? Akajibu bila kusita, kuku na kondoo. Nikauliza tena, kitimoto je? Akasema kipo, ila kinaletwa kwenye sahani yake kwa anayeagiza. Nikaridhika, tukakaa. Ilikuwa saa 1:10 usiku.

Jiko halikuwaka, mtungi umekwisha. Wakaenda kutafuta mwingine, dakika ishirini zikapita tunatazamana. Ulipowaka, moto ukawa wa kibatari, supu haichemki, inatoa mvuke tu. Sahani ya kwanza ya nyama nilihesabu: vipande kumi na viwili, watu sita. Ya pili ikaja baada ya dakika ishirini na tano. Kula utakavyo gani ya kupimiwa vipande viwili viwili? Ila tambi na kabichi zilikuja bila kuombwa, zikajazwa mezani, ili tushibe kwa hizo. Kamba na ngisi wao wameganda barafu na wananuka, wakati soko la Deep Sea lipo hapa hapa mjini na samaki wabichi wanashushwa kila siku! Koleo ni moja, hilo hilo la kushikia nyama mbichi na hilo hilo la kutolea iliyoiva. Niliomba la pili mara tatu, halikuja. Supu vuguvugu, koleo moja, watoto wadogo mezani. Hivyo ndivyo watu wanavyoharisha.

Hayo yote ningeyameza nikaondoka kimya.

Supu ilipopungua akaja kijana mwingine na birika kuongeza. Mke wangu, sijui moyo ulimwambia nini, akamuuliza, kaka hii ya mifupa gani? Kijana akasema kweli, na namshukuru mpaka leo: "Ya mchanganyiko dada, kuku na kitimoto. Ndiyo hiyo hiyo meza zote."

Mama alishakunywa kibakuli kizima na alikuwa anaanza cha pili. Akakiweka chini taratibu. Akanitazama. "Mwanangu, nimekula nini?"

Nina miaka 44 na sikuwa na la kumjibu mama yangu. Akainuka, mke wangu akamshika mkono wakaenda bombani kusukutua. Walikaa huko muda mrefu. Sisi tuliobaki hakuna aliyegusa kitu tena, na sahani mbili za nyama mbichi zilikuwa ndiyo kwanza zimeletwa.

Nikaita meneja. La kwanza kuniambia: watu wengi huwa hawaulizi. Mimi niliuliza! Nikamwonyesha dada niliyemuuliza, amesimama pale pale kaunta. Akasema huyo mgeni, ana wiki moja kazini. Halafu, wakuu, akaangalia saa yake akaniambia meza ina saa moja na nusu na nimebakiza dakika kumi. Habari ya saa moja na nusu ndiyo naisikia hapo. Kwenye tangazo haipo, mlangoni haipo.

Bili ikaja. Kwa tangazo lao, watu wazima wanne ni 140,000 na watoto wawili 35,000, jumla 175,000. Wao wameandika watu wazima watano, kwa sababu mwanangu wa miaka 12 amepita mstari uliochorwa kwenye nguzo ya kaunta. Hiyo 192,500. Wakaongeza VAT asilimia 18 juu yake, 34,650. Wakaongeza 20,000 ya "mabaki", yaani zile sahani mbili tulizoziacha kwa sababu supu yao ni ya kitimoto. Jumla 247,150.

Rudieni hapo. Wamemdanganya mama yangu, akaacha kula, wakamtoza faini ya kuacha kula.

Nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mashine mbovu. Nikapewa karatasi ya daftari imeandikwa kwa kalamu, na VAT imo. Hiyo 34,650 imekwenda kwa nani kama mashine haifanyi kazi? TRA, mamlaka ya mapato, wanatuimbia kila siku ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nimedai.

Nililipa. Mama alikuwa ameshakaa kwenye bajaji nje, sikutaka ugomvi mbele yake. Njia nzima mpaka Makorora hakusema neno. Amefika, amekoga, amekaa kwenye mswala mpaka usiku mkubwa. Nilimwambia dhambi si yake, hakujua. Akasema anajua, lakini tumbo lake halijui.

Najua watakuja wa kusema ulifuata nini kwa Wachina. Si habari ya Wachina. Wachina wa Xiaobei hawajanidanganya hata siku moja. Wala sina ugomvi na anayekula kitimoto, majirani zangu wanakula, na wakipika wananiambia. Sufuria za chakula hiki zipo zenye ukuta katikati, supu mbili zisizochanganyika, kule ni kitu cha kawaida kabisa. Au wapike supu mbili jikoni. Au waandike tu mlangoni: supu yetu ina kitimoto, mwisho saa moja na nusu, ukiacha chakula unalipa, mtoto tunampima urefu. Ningesoma, ningegeuza, nisingekuwa na neno na mtu.

Jana Jumatatu nilirudi peke yangu. Meneja akanipa kuponi ya punguzo nikija tena. Nikaiacha juu ya kaunta. Ninachotaka nimemwambia: 20,000 ya mabaki irudi, risiti halali itoke, na yeye mwenyewe aende nyumbani akamwombe radhi mama. Akasema watalifanyia kazi. Nimempa mpaka Ijumaa, baada ya hapo napeleka tangazo na ile karatasi TRA na kwa afisa afya wa Jiji.

Kwa mliowahi kula hapo, naomba mnijibu mawili: mlipouliza supu mliambiwa nini, na kuna hata mmoja wenu aliyepewa risiti ya EFD? Mwenye picha ya bili yake aiweke hapa.