Mrejesho: mapigo ya ajabu kwenye konveta ya 48V kwenda 12V, Wete

Wakuu, niliuliza kwa nini mosfeti (swichi ya kielektroniki ya konveta, yaani kibadilisha volti) inapiga mapigo machache, inanyamaza, kisha inaanza tena, ilhali mzigo ni taa tu za dukani. Uliyesema nipime umeme wa chipu ya UC3842 yenyewe, ile inayoiendesha mosfeti, Mungu akuzidishie. Chipu hiyo huamka kwenye volti 16 na kuzima zikishuka chini ya 10. Oskiloskopu (kifaa kinachochora umeme kwenye skrini) ilionesha umeme wake ukipanda na kushuka baina ya hizo mbili. Koili saidizi ya transfoma, inayoilisha chipu umeme ikishaamka, haina kasoro. Dayodi yake ndiyo iliyokatika mguu, umeliwa na kutu. Chumvi ya Pemba haina huruma na bodi isiyopakwa vanishi. Nimebadilisha dayodi na kapasita yake, mapigo yametulia. Optokapla mliyoishuku (inayopeleka ishara ya volti za kutoka kwa chipu kwa njia ya mwanga) sijaigusa. Joto la mosfeti nitaliuliza peke yake.