Waajiri wa mtandaoni mnaoandika "EST" mwaka mzima, mnatukosesha kazi kwa kosa lenu!

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa ajira za mtandaoni. Hili ni suala lake peke yake na nina hasira nalo.

Katikati ya Machi mdogo wangu aliitwa kwenye usaili wa kuhudumia wateja kwa mtandao. Kampuni iko New York. Barua pepe inasema 9:00 a.m. EST. EST, yaani saa ya kawaida ya mashariki mwa Marekani, iko saa 5 nyuma ya UTC, ile saa ya dunia ambayo nchi zote hupimia zao, sisi tuko saa 3 mbele, tofauti saa 8. Kwa hiyo saa 11 jioni Dar. Dogo kanunua bando, kaazima laptop, saa 10 na nusu keshakaa mezani na shati limepigwa pasi. Saa 11 kamili anafungua linki, hakuna mtu. Usiku ikaja barua ya mistari miwili: hukutokea, tumeendelea na waombaji wengine.

Hukutokea! Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo siku ile New York hawakuwa kwenye EST hata kidogo, walikuwa kwenye EDT, saa yao ya majira ya joto, saa 4 nyuma ya UTC. Usaili ulifanyika saa 10 jioni kwetu. Wakati dogo anajipanga pale mezani, wao wameshafunga. Tuliwaandikia kuwaeleza kwamba saa waliyoiandika wao wenyewe sio waliyoitumia. Kimya mpaka leo.

Na msije hapa kuniambia "angehakikisha". Ahakikishe nini wakati ameambiwa kwa maandishi? Yule aliyeandika herufi tatu bila kuangalia ndiye anayelipwa mshahara, na aliyezifuata kama zilivyo ndiye aliyeandikiwa kwamba si makini.

Afrika Mashariki hatugusi saa. Tuko karibu na ikweta, Dar mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka hautofautiani hata saa nzima. London Desemba mchana haufiki saa 8, Juni unapita 16, ndiyo maana wao wanahangaika na mishale. Sawa, ni nchi yao. Lakini wanaposogeza, hesabu inatuangukia sisi. Mashabiki wa mpira mnalijua hili bila kufundishwa: mechi ya Uingereza iliyokuwa saa 12 jioni, ghafla ni saa 11. Ya Ulaya ya saa 5 usiku inakuwa saa 4. Kwenye mpira unakosa bao la kwanza, kwenye usaili unakosa kazi.

Kibaya zaidi hawasogezi pamoja. Ulaya wanasubiri Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu ambazo New York wameshabadilisha na London bado. Oktoba Ulaya wanarudisha saa nyuma, Marekani wanafuata Jumapili ya kwanza ya Novemba, wiki nyingine ya vurugu. Arizona sehemu kubwa hawabadilishi kabisa. Ukifanya kazi na timu iliyotawanyika huko kote, ratiba yako ya Februari haifai Machi, na ya Machi haifai Aprili.

Na hizo herufi zenyewe ni mtego. IST ni India, ni Israeli, ni Ireland. CST ni katikati ya Marekani na ni China pia. Mtu mzima na ofisi yake anakuandikia "10:00 CST" halafu anaona amekupa taarifa kamili.

Wenyewe hawaupendi utaratibu huu. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliuliza wananchi, yakaja majibu milioni 4.6 na asilimia 84 wakataka ufutwe. Machi 2019 Bunge la Ulaya likapiga kura uishe 2021. Serikali za nchi wanachama hazijakubaliana, mishale bado inazungushwa. Seneti ya Marekani nayo ilipitisha muswada wake 2022, ukafia Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo tusiwasubiri.

Ninachodai hakigharimu hata senti. Andikeni jina la mji: "saa 3 asubuhi, New York", simu ya mtu yeyote itabadilisha yenyewe kwa tarehe husika. Au andikeni UTC, sisi tunaongeza 3 mwaka mzima, Januari hadi Desemba. Au tumeni mwaliko wa kalenda. Na mtu akifuata saa mliyoiandika akakuta mmeshaondoka, mpangieni siku nyingine na mumwombe radhi.

Mawakala wa Kibongo mnaosambaza matangazo haya kwenye magrupu, na nyie mnahusika. Msinakili tu. Pigeni hesabu, wekeni saa ya Afrika Mashariki juu kabisa.

Kama una barua ya namna hii, futa majina uiweke hapa tuwatumie wahusika kwa pamoja. Nawasilisha.