Impreza STI (GDB) inavuja maji ya rejeta na feni moja haizunguki: nianzie wapi kabla ya kushusha injini?

Bokseri_Tegeta

Wakuu, habari za muda. Gari ni Impreza WRX STI ya 2004, injini ya EJ207, ya Japani, gia ya mkono. Ina matatizo mawili kwa pamoja.

Maji yanapungua kama nusu lita kwa wiki. Asubuhi sakafu imelowa chini ya bampa ya mbele, ila ukiangalia kwa juu huoni panapovuja. Halafu nikiwasha AC inazunguka feni moja tu. Kwenye foleni mshale unapanda, nikipata barabara wazi unashuka wenyewe.

Fundi mmoja anataka tutoe themostati (vali ya maji inayofunguka kwa joto) na feni tuziunge moja kwa moja kwenye swichi ya gari. Mwingine anasema ni gasketi ya silinda hedi, injini ishuke. Oili ni safi, haina rangi ya maziwa. Ndani nimekuwa nikiongeza maji ya bomba. Nianzie wapi?

---

SpanaKumi

Mkuu, injini ikae hapo hapo kwanza. Angalia inachemsha wakati gani. Ikichemsha kwenye foleni na kupoa ikitembea, tatizo ni hewa: feni, au uchafu uliojaa kati ya kondensa ya AC na rejeta. Ikipoa kwenye foleni na kuchemsha ukipandisha mlima wa Kitonga tabo (turbo) ikiwa inasukuma, hapo ndipo uanze kuishuku gasketi, pampu ya maji au rejeta iliyoziba ndani. Maelezo yako yanaangukia kundi la kwanza.

AC ikiwashwa kwenye gari hiyo feni zote mbili zinatakiwa kuzunguka. Kwa hiyo moja ni mbovu, iwe mota, waya, relei au fyuzi. Pima kwa mpangilio huu:

1. Fyuzi za feni ziko kwenye sanduku la chini ya boneti, kila feni na yake. Soma mchoro wa kwenye kifuniko cha sanduku. Usiiamini fyuzi kwa macho, ipime kwa multimita pande zote mbili.
2. Chomoa relei ya feni mbovu, weka ya feni nzima (linganisha namba kwanza). Tatizo likihamia feni ya pili, umemaliza kazi kwa bei ya relei.
3. Chomoa soketi ya mota yenyewe, ipe mota volti 12 kutoka kwenye betri kwa waya wenye fyuzi ya ampea 20. Ikigoma, gonga mgongo wa mota taratibu. Ikiondoka baada ya kugongwa, kaboni (brashi za ndani ya mota) zimekwisha, na ni suala la muda tu.
4. Mota ikizunguka vizuri kwa betri, rudi kwenye soketi. Angalia kama plastiki imeyeyuka au terminali zimekuwa kijani. Magari yanayokaa karibu na bahari ndipo yanapougulia.

Subaru za miaka hiyo zina msaada ambao mafundi wengi hawautumii. Chini ya dashibodi kuna soketi mbili za kijani ambazo kwa kawaida hazijaunganishwa. Ziunganishe, weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) itaanza kuwasha na kuzima feni kwa zamu, na utasikia pampu ya mafuta nayo ikifanya hivyo hivyo. Unapima waya na relei bila kusubiri injini ipate moto. Ukimaliza zitenganishe, usiendeshe zikiwa zimeungwa.

---

Limuru_Turbo

Naongeza jambo kuhusu kifuniko, kwa sababu watu hununua rejeta mpya wakati mbovu ni kifuniko.

Injini hizi za tabo zina tenki dogo la chuma pembeni mwa intakula (kipoza hewa ya tabo). Hapo ndipo unapojazia maji, na kifuniko chake kinashikilia shinikizo la takriban bar 1.1. Nyingi zina kifuniko cha pili juu ya rejeta yenyewe, na hicho ni cha takriban bar 1.4. Kimewekwa kigumu makusudi ili mfumo upumulie kwenye tenki tu, ambako ni juu na ndiko hewa inakokusanyika. Vikibadilishana nafasi, cha rejeta kinafunguka kwanza na hewa inabaki imenaswa kwenye injini. Gari imefanyiwa kazi gereji kadhaa? Soma namba zilizogongwa juu ya vifuniko kabla ya lolote.

Shinikizo lina maana gani hasa? Feni za gari hii huwaka injini ikifika karibu nyuzi 95. Huku Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji matupu yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa hiyo kifuniko kikiwa kimelegea na ndani kuna maji ya bomba, gari inaanza kuchemka kabla feni hazijapata amri ya kuwaka! Kifuniko kikiwa kizima, maji hayo hayo yanafika karibu nyuzi 118. Kwako Dar una nafuu: nyuzi 100 bila shinikizo, karibu 121 ukiwa na kifuniko kizima. Kuleanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inaongeza nyuzi chache juu ya hapo.

Na huo mshale usiutegemee. Unatulia katikati kwa masafa marefu ya joto, ukianza kupanda ujue injini imeshateseka. Soma joto kutoka kontroli boksi kwa kifaa kinachoelewa lugha ya Subaru; vile vidude vya ELM327 vya bei rahisi mara nyingi havisomi gari za Japani za umri huo.

---

Mama Gasketi

Kuhusu kuvuja. Vua kwanza ile sahani ya chini ya injini. Inakusanya maji na kuyamwagia mbali na panapovuja, ndiyo maana mnatafuta msichokiona. Hakikisha pia si maji ya AC: hayo hayana rangi, hayatelezi vidoleni, na hudondoka karibu na ukuta wa injini, siyo kwenye bampa.

Halafu azima pampu ya kupimia shinikizo. Injini ikiwa ya baridi kabisa, ifunge kwenye tenki la chuma, pandisha hadi bar 1.1 na usizidishe. Acha dakika 15. Usisubiri injini ipate moto, kwa sababu mipira mingine huvuja ikiwa baridi tu, klampu zikiwa zimelegea. Pitia sehemu hizi:

- Mshono wa plastiki na alumini kwenye rejeta, juu na chini. Kwa dalili zako hapa ndipo ninapopashuku zaidi. Tafuta mstari wa chumvi nyeupe au kijani.
- Pampu ya maji. Kwenye EJ inazungushwa na taiming belti na imefichwa nyuma ya kava. Sili yake ikifa, maji hutoka kwenye kitundu kidogo na kudondoka katikati, chini ya kava. Usiiache, maji hayo yanailowesha belti.
- Mipira midogo ya maji ya tabo na ile iliyopita chini ya manifoldi. Hii huvuja juu ya chuma cha moto na kukauka hapo hapo. Utaipata kwa harufu tamu kuliko kwa macho.
- Oringi za bomba la chuma linalopita juu ya bloku.

Gasketi ya EJ20 ya tabo mara nyingi haivuji nje. Inasukuma gesi ya moto kuingia kwenye maji. Dalili zake: tenki la akiba la plastiki linajaa huku lile la chuma likipungua, mapovu yasiyoisha ukikanyaga mafuta, mpira wa juu unakuwa mgumu dakika ya kwanza tu baada ya kuwasha injini ya baridi. Kuna dawa ya bluu ya kupimia hewa ya juu ya maji. Ikigeuka njano, gesi ipo. Ifanye kabla hujamruhusu mtu kushusha injini.

Themostati usitoe. Kwenye injini hii imekaa upande wa maji yanayoingia, chini ya pampu, na ikifunguka sahani yake ya nyuma inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Unaweza kuongeza tatizo unalotaka kuliondoa.

---

Bokseri_Tegeta

Asanteni sana. Majibu: pampu ya shinikizo imeonyesha mshono wa juu wa rejeta, tone moja moja. Dawa ya bluu imebaki bluu. Soketi ya feni kuu imeyeyuka upande mmoja, mota inazunguka vizuri kwa betri. Kuna mtu anasema plastiki ya rejeta inazibwa kwa gundi ya epoksi. Na feni ya moja kwa moja mnaionaje kwa muda?

---

SpanaKumi

Gundi inakufikisha nyumbani, basi. Mshono ule unapanuka na kusinyaa kila siku, na mpira ulio ndani yake umeshakufa. Nunua rejeta. Ukipata ya alumini nzima, hakikisha sehemu za kushikia feni na kava lake zinalingana. Feni bila kava linalobana vizuri huzungusha hewa ile ile.

Soketi: kata waya hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, weka terminali mpya za kubana, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kusokota waya na kuzungushia utepe ni kuandaa soketi nyingine iyeyuke. Feni ikiwa inazunguka, pima volti kati ya chanya ya betri na chanya ya mota. Ikizidi nusu volti bado kuna ukinzani njiani. Fanya hivyo hivyo upande wa hasi. Mwisho weka karatasi mbele ya kondensa: inatakiwa inate. Ikisukumwa mbele, umegeuza nyaya.

Feni ya moja kwa moja sikubaliani nayo ukishajua tatizo ni soketi. Dharura ikikubana njiani, chomoa sensa ya joto ya kontroli boksi. Taa ya injini itawaka na feni zitawashwa kwa tahadhari. Inatosha kufika gereji bila kukata waya hata mmoja.

---

Mama Gasketi

Ukifunga rejeta mpya, toa maji yote ya bomba. Koki ya rejeta haitoi yote, bloku ina vizibo viwili chini, kimoja kila upande. Suuza, kisha weka kuleanti na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu. Mfumo mzima unachukua kati ya lita 7 na 8, na usichanganye ya bluu na ya kijani.

Kutoa hewa ndiko kunakowashinda wengi. Pua ya gari iwe juu kidogo, hita kwenye joto la mwisho, fungua kizibo kidogo cha hewa kwenye kona ya juu ya rejeta. Jaza kupitia tenki la chuma, polepole, huku ukibana mpira wa juu. Maji yakitoka kwenye kizibo bila mapovu, kifunge. Washa, shikilia mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika tano, kisha acha ikae silensa (bila kukanyaga mafuta) mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili. Hita ikitoa ubaridi ilhali injini ina moto, hewa bado imo. Zima, jaza tenki la plastiki hadi alama ya FULL, na kesho yake asubuhi ikiwa baridi fungua tenki la chuma uongeze kilichopungua.